Maji Yaje Mwisho: Kutoa Mawese na Grisi Kwenye Nywele za Mtoto

Mtoto wa Goma hahitaji kwenda mbali ili arudi na kichwa kinachong'aa mafuta. Chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, imeegeshwa uani na ekseli yake imepakwa grisi. Gereji ya pikipiki iko kwenye kona. Jikoni kuna chupa ya mawese ambayo kifuniko chake kilipotea zamani. Ukigeuka tu kukoroga sombe, mkono umeshaingia kwenye mafuta, na mkono wa mtoto ukishalowa mafuta hufutiwa kichwani.

Hapo wengi wetu tunafanya jambo moja: tunamshika mtoto, tunampeleka kwenye beseni, tunamwagia maji. Usimwagie. Mawese yakimwagika mezani hakuna anayeanza na ndoo ya maji, anachukua kitambaa. Kichwani ni vilevile. Mafuta yapunguzwe kwanza nywele zikiwa kavu, sabuni iingie kwenye nywele kavu, maji yaje mwisho. Utaratibu huu unafaa popote duniani, lakini mjini kwetu una sababu za ziada, na ukizijua hutashawishika kuukatiza njiani.

Sababu ya kwanza ni mfuko wako. Goma imekaa juu ya mawe ya volkano. Mvua ikinyesha, maji yanazama kwenye nyufa, na mto wa kuchota mjini hakuna. Lava ya tarehe 17 Januari 2002 ilipita katikati ya mji hadi ziwani. Ile ya tarehe 22 Mei 2021 iliishia upande wa Buhene. Kila mara mji umejengwa upya juu ya jiwe lilelile lisiloshika maji. Kwa hiyo tunaoga Ziwa Kivu: ama kupitia bomba la REGIDESO siku linapotoa, ama kupitia bidoni ya lita 20 iliyopandishwa kutoka ufukoni kwa baiskeli, kwa chukudu au mgongoni mwa mtu. Aliye Himbi karibu na ziwa na aliye Ndosho hawalipi bei moja. Kumwagia bidoni nzima kwenye kichwa chenye mawese, halafu mafuta yabaki palepale, ni kutupa pesa.

Sababu ya pili ni baridi. Mawese hayayeyuki kabisa mpaka yafike joto la digrii 35 hivi. Mji wetu uko kama mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na asubuhi za hapa unazijua: chupa ya mawese imeganda nusu, mpaka uiweke juani au kando ya mbabula. Maji ya juu ya ziwa nayo ni ya digrii 23 au 24. Ukimwagia maji hayo kichwani, mawese yaliyokuwa laini yanashikana na nywele na kuwa ukoko, na ukoko huo unanasa lile vumbi jeusi la barabarani. Ulikuwa na tatizo moja, sasa una mawili.

Sababu ya tatu haionekani kwa macho. Maji ya Kivu ni ya chumvichumvi na yana magnesiamu nyingi. pH yake inakaribia 9, wakati ngozi ya kichwa na nywele hupenda uchachu kidogo, karibu 5. Sabuni ya mche, ile ya kufulia au ya kuogea, ikikutana na magnesiamu inatoa utando mweupe unaonata. Ndio ule mstari wa kijivu unaobaki kwenye beseni baada ya kuoga. Kwenye nywele unabaki pia, na mkononi unahisi kama mafuta. Mzazi anadhani grisi haijatoka, anaongeza sabuni, utando unazidi. Wapo watoto waliooshwa jioni nzima, na kilichobaki kichwani mwisho wa kazi kilikuwa sabuni, si mafuta.

Jua kwanza ni mafuta gani

Nusa, tazama, uliza. Mawese yana rangi yake na harufu yake, huwezi kukosea. Grisi ya chukudu au ya rulmani ni nzito, ya njano au ya kahawia, na inavutika kati ya vidole. Mafuta machafu ya moteri, yale ya vidanji, ni meusi, mepesi, yananuka kuungua. Vaselini haina rangi ila inazifanya nywele zilale kwa makundi. Kuna pia siagi ya karanga, chingamu, na lami kama barabara inatengenezwa karibu.

Muulize mtoto bila kumkaripia, kwa sababu unahitaji jibu la kweli kwa swali moja zaidi: je, kuna yaliyoingia mdomoni au machoni? Kama amemeza mafuta ya taa, esansi au mafuta ya gari, acha nywele. Usimtapishe, na usimnyweshe maziwa wala mawese kama tulivyozoea kufanya tukihisi sumu. Mafuta mepesi ya aina hiyo huwa ya hatari zaidi yakiingia kwenye mapafu, na kutapika ndiyo njia rahisi ya kuyafikisha huko. Mpeleke kituo cha afya mara moja, na ubebe chupa aliyonywea. Akikohoa au akipumua kwa shida, usingoje hata kidogo. Kama yameingia machoni, mimina maji safi polepole kwenye jicho lililo wazi kwa dakika 15, kutoka upande wa pua kwenda nje.

Kama ni kichwa peke yake, hakuna haraka. Mvue shati, kwa sababu kola itarudisha mafuta shingoni. Mfunge kitambaa juu ya nyusi kama kilemba. Mkalishe nje penye mwanga, mbali na mbabula.

Mawese: kazi ya unga

Kila nyumba hapa ina unga wa bugali. Unga wa muhogo uliopepetwa vizuri ni mlaini na unanyonya mafuta kuliko vitu vingi vinavyouzwa ghali. Wa mahindi unafaa pia, ila unakwaruza kidogo.

Anza na kitambaa kikavu, fulana kuukuu ndiyo nzuri, au karatasi ya chooni. Usisugue. Bana fungu dogo la nywele ndani ya kitambaa, vuta taratibu kutoka kwenye ngozi kwenda nchani, geuza kitambaa upate mahali pakavu, rudia. Kama mafuta yako upande mmoja wa kichwa, fanya kutoka ukingoni kuelekea katikati ili usiyatawanye. Kwa nywele zilizonyolewa fupi, gandamiza tu kitambaa na uinue.

Sasa mwambie, "Papa, funga macho, inama." Au mama, kama ni binti. Chukua unga kiganjani, usiunyunyize kutoka juu maana ataupumua. Uweke kwenye nywele kwa mkono na uukande kwa ncha za vidole. Mtoto mchanga usimpake unga kabisa, mapafu yake hayauwezi. Yeye utamkuta mbele. Ngoja dakika kumi. Utaona unga mweupe ukigeuka rangi ya chungwa na kufanya vitonge vidogo. Hivyo vitonge ni mawese yanayotoka bila tone la maji. Inamisha kichwa, kung'uta, pitisha kichana cha meno mapana kuanzia nchani ukipanda kidogo kidogo kuelekea kwenye ngozi. Weka unga mara ya pili, na kama huo nao umegeuka rangi sana, weka wa tatu. Unga ni rahisi kuliko bidoni.

Halafu sabuni, na nywele bado kavu. Hapa ndipo watu wanashangaa, lakini sababu yake ni nyepesi kueleza. Chembe ya sabuni ina upande unaopenda mafuta na upande unaopenda maji. Ukiitia kwenye nywele zilizolowa, inashughulika na maji kwanza. Ukiitia kwenye nywele kavu zenye mafuta, haina kingine cha kushika ila mafuta. Tumia shampuu kama unayo, au sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, kiasi cha kijiko kimoja au viwili. Hizi hazigandishwi na magnesiamu ya ziwa kama sabuni ya mche. Sabuni ya unga ya kufulia iache kwenye nguo, inachoma ngozi ya kichwa.

Neno moja kuhusu sabuni ya maji inayotengenezwa mitaani na kuuzwa kwenye chupa za plastiki zilizokwisha kutumika. Nyingi ni nzuri, na mama anayeitengeneza kwa uangalifu anastahili wateja wake. Lakini ndani yake kuna asidi ya salfoniki iliyopozwa kwa soda, na kipimo kikikosewa upande wowote, sabuni inakuwa kali. Ijaribu kwanza: tone moja na maji kidogo kwenye kiwiko chako kwa ndani, ngoja dakika kumi. Ikikuwasha wewe, itamchoma mtoto.

Ikande sabuni mpaka ifike kila mahali penye mafuta. Ukiwa tayari, lowesha vidole vyako tu kwa maji ya uvuguvugu na uendelee kukanda. Povu litakuwa zito na litageuka jeupe kama maziwa, pengine la njano kidogo. Huo ndio wakati mafuta yameachia unywele. Ongeza maji kidogo, kanda, kisha ndiyo usuuze.

Maji ya uvuguvugu yapimwe hivi: vikombe vinne vya maji baridi vitangulie kwenye beseni, halafu kikombe kimoja cha maji yaliyochemka. Utapata joto la mwili, linalotosha kuyeyusha mawese na lisilomchoma mtoto. Usianze na ya moto kisha uongeze ya baridi. Mtoto akitumbukiza mkono kabla hujamaliza, utakuwa na tatizo kubwa kuliko mafuta. Jaribu kwa kiwiko. Kwa kichwa cha nywele fupi, nusu ya bidoni inamaliza kazi yote na nyingine inabaki ya kupikia.

Rangi ya mawese inaweza kubaki nchani, au kwenye kitambaa. Ni ileile iliyo ndani ya karoti, na jua huifuta lenyewe kwa siku chache. Usiifukuze kwa javeli.

Grisi na mafuta ya moteri

Grisi ni jambo jingine. Imetengenezwa makusudi ili maji yasiitoe. Kama maji yangeitoa, chukudu iliyotoka Masisi na magunia ya makala chini ya mvua ingefika mjini ikilia magurudumu yote mawili. Unga peke yake hauiwezi, na sabuni peke yake inateleza juu yake.

Kinachoitoa ni mafuta mengine. Mafuta mepesi ya kupikia, ya alizeti au ya soya, yanaingia ndani ya grisi na kuilegeza, na mchanganyiko wa viwili hivyo unafutika. Usitumie mawese kwa kazi hii, yataganda na utaanza upya kule juu. Mafuta ya bebe yanafaa sana kwa kuwa ni mepesi na ya jamii moja na grisi.

Vaa mfuko wa plastiki mkononi, toa kwa kitambaa kile kinachotoka, halafu paka mafuta ya kupikia mpaka nywele zilowe kweli, usiyabanie. Kwa ncha za vidole bonyeza na kuzungusha juu ya kila donge mpaka ulihisi linalainika. Kwenye nywele za kipilipili grisi hujificha ndani ya msokoto, kwa hiyo nyoosha fungu dogo kati ya vidole viwili na upitishe mafuta kwa urefu wake. Ngoja dakika kumi au kumi na tano. Mpe kitu cha kula. Futa kwa kitambaa. Kitatoka kimechafuka vibaya. Paka tena, futa tena, mpaka kitambaa kitoke na rangi ya mafuta ya kupikia. Hapo ndipo unga unaingia kunyonya yaliyobaki, kisha sabuni kwenye nywele kavu, kisha maji, kama ilivyoelezwa kwa mawese. Huenda ukarudia sabuni mara mbili. Ni sawa.

Mafuta ya vidanji hayana unene wa grisi, kwa hiyo yanafutika upesi, lakini usiyachukulie kirahisi. Ndani yake kuna vipande vidogo mno vya chuma kutoka kwenye injini, ndiyo maana husugui, na kuna masizi yenye kemikali zinazodhuru ngozi zikikaa juu yake mara kwa mara. Mtoto aliyepakaa mara moja akaoshwa siku hiyohiyo, hakuna hofu. Mtoto anayeshinda gereji na kurudi hivyo kila wiki, huyo anahitaji mahali pengine pa kuchezea kuliko anavyohitaji mwongozo. Vitambaa ulivyotumia vitupe; usiviwashe kwenye mbabula, moshi wake mtaupumua nyote.

Usifike kwa Kadhafi

Kuna njia ya mkato ambayo kila mtaa unaifahamu. Fundi anaosha mikono yake kwa esansi au mafuta ya taa, grisi inatoka kama ndoto, na anakushauri kwa nia njema: chukua kidogo kwa Kadhafi, muuza esansi wa pale barabarani, pakaza, kwisha.

Grisi itatoka kweli. Lakini ngozi ya kichwa cha mtoto ni nyembamba na inanyonya, mvuke wake anauvuta kwa kuwa pua iko chini tu ya nywele, na kitu hicho kinashika moto kwa cheche. Nyumba zetu zina mbabula mlangoni na mshumaa mezani umeme ukikatika. Mvuke wa esansi hauonekani, ni mzito kuliko hewa, unatambaa sakafuni kuelekea kwenye moto. Sioni sababu ya kulijadili hili zaidi. Kama wengine wameshampaka kabla hujafika, mtoe nje penye hewa, mbali na moto wowote, mvue nguo, tia sabuni na usuuze kwa maji mengi. Hii ni hali moja ambayo bidoni nzima inastahili.

Majivu na soda ya kutengenezea sabuni navyo visiguse kichwa. Najua hoja yake: mafuta na soda vikikutana vinakuwa sabuni, basi si sabuni itajitengeneza kichwani? Ni kweli kwamba mawese ndiyo sabuni ikiwa bado haijapikwa. Mwaka 1911 Mwingereza William Lever alipata kwa Wabelgiji maeneo makubwa ya michikichi ya Kongo kwa ajili hiyo hasa, na mafuta ya huku yakaenda kuogesha watu wa Ulaya. Lakini hiyo ni kazi ya pipa na moto. Soda kwenye ngozi inaunguza, ikiingia machoni inapofusha.

Vaselini, chingamu na mengineyo

Vaselini ni ya kwetu wazazi, si ya mtoto. Tunampaka kila asubuhi ili aende shule aking'aa, hatuoshi mpaka Jumamosi, na katikati ya wiki vumbi la mawe ya volkano limejichanganya nayo mpaka kuwa tope. Halitoki kwa maji kwa sababu vaselini inatengenezwa kutokana na mafuta ya petroli kama grisi, ila imesafishwa. Ifanye kama grisi: mafuta mepesi, futa, unga, sabuni. Na kuanzia wiki ijayo paka kidogo zaidi, kiasi cha punje ya harage kwa kichwa kizima, iyeyushwe kwanza kati ya viganja.

Chingamu na lami hulegea kwa mafuta ya kupikia pia, ila zinataka subira: paka, ngoja nusu saa, chingamu itapoteza unato na utaichambua kwa vidole. Siagi ya karanga inatoka kwa unga na sabuni bila vita.

Kama nywele zimesukwa, usifumue kichwa chote kwa ajili ya msuko mmoja. Ufute huo kwa kitambaa kwa urefu wake, na kama mafuta yameingia ndani, fumua huo peke yake. Nywele bandia zilizoloa grisi zikate uzitupe. Kuziokoa kutakugharimu kuliko kununua nyingine Birere. Kama ni nyuzi, zitoe, usizioshe.

Mtoto mchanga ana mafuta yake mwenyewe. Katika miezi ya kwanza ngozi ya kichwa hutoa mafuta mengi, yanakauka na kufanya magamba ya njano, hasa juu ya utosi ambako mama anaogopa kugusa. Si uchafu wala si kosa la mtu, na magamba huisha yenyewe. Ukitaka kuyasaidia yatoke, paka mafuta ya bebe, ngoja dakika 15, pitisha brashi laini kwa mzunguko mwepesi, kisha shampuu ya mtoto na maji ya uvuguvugu. Utosi unaweza kuguswa kwa mkono mwepesi. Usibandue magamba kwa kucha. Yakiwa mekundu, yakitoa maji au yakinuka, muonyeshe muuguzi. Kwa mtoto mkubwa, mduara wenye magamba ambapo nywele zimekatika ni punye. Mafuta hayaiponyi; inahitaji vidonge anavyoandika muuguzi, na kichana chake kisitumiwe na wadogo zake.

Kusuuza, na siku ya kunyoa

Kama una maji ya mvua kwenye pipa, yatumie kwa kusuuza mara ya mwisho, kwa sababu hayana magnesiamu ya ziwa. Acha mvua ya dakika za kwanza ioshe bati kabla ya kukinga. Walio upande wa Rusayo, ambako moshi wa volkano ya Nyiragongo huelekea, wanaona jinsi mvua yao inavyokula mabati. Kuna uchachu na floridi ndani yake. Kwa nywele si neno. Kwa kunywa, hapana.

Kama huna mvua, tia kijiko cha chakula cha siki katika lita moja ya maji, mimina kichwani macho yakiwa yamefungwa, ngoja kidogo, suuza. Siki inayeyusha ule utando mweupe wa sabuni, na nywele zinarudi kuwa laini. Ndimu inafanya kazi hiyohiyo, lakini isuuze vizuri kabla mtoto hajatoka nje: maji ya ndimu yakikutana na jua kali juu ya ngozi huacha malengelenge na madoa. Kama maji ni yale ya ufukoni yaliyotiwa klorini kwa ajili ya kipindupindu, hayadhuru nywele, usiyaogope.

Utajuaje kama kazi imekwisha? Usitazame nywele zikiwa zimelowa, zote zinang'aa. Zikaushe kwa kitambaa, zipigwe upepo, halafu bana fungu moja ndani ya karatasi nyeupe. Karatasi ikitoka na doa linalopitisha mwanga, mafuta bado yapo. Rudi kwenye unga, si kwenye maji. Kama karatasi ni safi lakini nywele zinanata, hiyo ni sabuni, rudi kwenye siki. Baada ya yote nywele zitakuwa kavu mno, kwa hiyo zirudishie tone la mafuta mepesi. Badilisha foronya usiku huo, au mtoto ataamka na grisi ya jana.

Kuna siku ambapo kunyoa ndiyo busara. Kwa mvulana wa nywele fupi aliyejimwagia kopo la grisi, kinyozi atamaliza kwa dakika tano kazi ambayo ingekula jioni yako. Lakini futa na uoshe kwanza hata kama si kwa ukamilifu, kwa kuwa mashine ikipita kwenye grisi inaziba, inavuta nywele na kukata ngozi. Kama ngozi tayari ni nyekundu kwa kusuguliwa, ngoja siku mbili tatu. Kwa kinyozi, mwombe asafishe mashine kwa alkoholi mbele yako. Akitumia wembe, uwe mpya na wa mtoto wako peke yake, kwa sababu punye na magonjwa ya damu husafiri kwa vyombo hivyo. Kwa binti ambaye nywele zake zimemchukua miaka kufika mabegani, muulize yeye kwanza. Ukitoa mafungu mawili ya unga na chupa ndogo ya mafuta ya alizeti, karibu kila mara unaweza kuziokoa.